Mikono Mapajani

Fort Worth, Texas
14 Septemba 1997

Dada Theodora,

Pokea salamu kutoka kwenye joto ambalo halijaambiwa kwamba Agosti imekwisha. Mimi mzima, gari langu linakunywa oili lakini linaenda, na jirani amenunua mbwa anayebweka kila akiniona nimevaa tai. Wakesho hajambo? Mwambie mjomba wake bado anangoja ile ripoti ya shule aliyoahidiwa.

Najua utauliza kwa nini nisipige simu. Sisi tumelelewa na karani wa posta, Dada. Nyumbani kwetu Voi simu ilikuwa ya misiba, na mpaka leo ikilia nikaona ni namba yako ya huko Houston, moyo hunipasuka kwanza ndipo niinue. Barua inatosha, na tena najua utaipiga kopi pale hospitalini umpelekee Baba. Mpelekee hii, kwa sababu ina habari ya kumfurahisha.

Kampuni yetu imepata kazi ya Wajapani. Wanaunda ndege mpya ya kuwafundishia marubani wa jeshi lao. Si ya kurusha mabomu. Ni ile ya darasa la kwanza, ambamo kijana anaingizwa siku ambayo bado hajui lolote. Waliyo nayo sasa ina injini ya pistoni, nzuri, lakini imezeeka. Hii mpya wanaitia injini ya tabo, inayozungushwa na gesi ya moto, yenye nguvu zaidi, na nguvu hiyo ikija kwa ghafla huivuta pua ya ndege upande mmoja. Mwanafunzi lazima airudishe kwa mguu, kwa kukanyaga pedali inayogeuza usukani wa mkiani. Hizo pedali, na mtambo wa kuzisogeza mbele na nyuma kufuata urefu wa miguu ya mtu, ni zangu. Jina langu liko chini ya mchoro. Mkuu wangu, Bwana Hollis, alisema ataweka mtu mwenye uzoefu zaidi, nikamwambia huyo mtu ni mimi, akacheka, akaniachia.

Mwanafunzi hukaa mbele, mwalimu nyuma. Kila mmoja ana usukani na pedali zake, ila zimeunganishwa, kwa hiyo wa nyuma akikanyaga, za mbele nazo zinakwenda. Nimeipenda kazi hii kuliko zote nilizofanya Marekani.

Sasa lako. Mado, yule Mkongo mnayefanya naye kazi wodini, nilikutana naye kwenye harusi Dallas. Anasema siku hizi Jumamosi huonekani kwenye mazoezi ya kwaya. Kama kuna bwana, mlete tumwone. Ukurasa huu usimkopie Baba.

Ndugu yako,
Otieno


Missouri City (Houston), Texas
5 Oktoba 1997

Otieno mdogo wangu,

Barua yako imefika na tai yako nimeiona bila kuiona. Huyo mbwa ana akili. Sisi hatujambo. Wakesho amekuwa mrefu kuliko mimi na anazungumza Kiingereza na friji, na Kiswahili anapotaka kitu tu. Wodi imejaa. Juzi mgonjwa mmoja mzee aliniuliza kama nyumbani kwetu kuna barabara, nikamwambia zipo, ila tunazitumia siku za sikukuu tu. Aliamini mpaka chakula cha mchana.

Nimefurahi kwa kazi yako, na sikufurahi kidogo. Nilisoma ukurasa wa pedali kwa sauti jikoni. Baba nimemtumia. Unamjua, atautembeza mpaka kwa wauza nyanya wa pale stesheni.

Nina maswali, na usiniulize kwa nini nauliza. Huyo mwalimu wa nyuma anajuaje wakati wa kumwachia mwanafunzi ndege? Kama pedali zimeunganishwa, mwanafunzi anajuaje kwamba ni mguu wake unaofanya kazi na si wa mwalimu? Na je, mmefikiria mtu mfupi? Si kila rubani ana miguu ya Texas. Mimi nikikaa kwenye kiti cha gari la Mado huwa naendesha kwa vidole.

Kuhusu Jumamosi: nina shughuli. Ni nzuri, ni halali, na haina ndevu. Kwaya itanisamehe.

Baba ameandika tena anauliza utakwenda nyumbani lini. Tangu mwaka wa themanini na nane, Otieno. Mimi nimeshakwenda na kurudi mpaka mbuzi wa Mama wananijua. Umesema karatasi, karatasi zikapatikana. Umesema kazi, na kila kazi ina likizo. Sijui nimjibu nini, ndiyo maana hapa naacha nafasi uijaze mwenyewe.

Sikukuu ya Shukrani ya Wamarekani, mwezi ujao, mimi na Wakesho tutakuja huko kwako. Tayarisha maharagwe, sitaki bata mzinga.

Dada yako,
Theodora


Fort Worth
7 Desemba 1997

Dada,

Mlifika salama, nashukuru. Wakesho aliacha soksi moja nyuma ya kochi. Sahani nimeosha zote, hata sufuria uliyounguza ukasema ni mimi.

Bwana Hollis bado anazungumza habari yako. Nilikupeleka kwenye karakana ili uone tu ule mfano wa mbao wa chumba cha rubani, nikageuka kuzungumza na mlinzi, nikakukuta umeshaingia umefunga mkanda. Ukasogeza pedali mpaka mwisho wa karibu, ukakanyaga ya kulia, ukasema, "Otieno, kisigino changu kimeondoka sakafuni. Nitapimaje nguvu kama nimening'inia?" Hollis akaangalia miguu yako, akaangalia mchoro wangu, akaniambia, "Bring your sister on Monday." Mimi nilikuwa nimewapima wafupi, lakini niliwapima wakiwa wamekaa tu, si wakikanyaga mpaka mwisho. Nimerudia. Sasa pedali inainama kidogo kadiri inavyosogea karibu na rubani, na kisigino kinabaki chini. Imenichukua juma zima la raha tupu. Ila nikuulize, muuguzi anajuaje habari za visigino?

Swali lako la mwalimu nimemuuliza Bwana Kuramochi, mkuu wa wahandisi wa Wajapani, aliyekuja kuangalia. Ni mtu mpole, anakula pilipili kuliko sisi. Anasema mwalimu mzuri huweka mikono juu ya mapaja. Mbele kuna kioo kidogo, mwanafunzi akitazama anaiona ile mikono imetulia, ndipo anajua ndege ni yake. Na kabla ya kuachiana husemezana: ndege ni yako, ndege ni yangu. Lazima wote wawili waseme, asije kila mmoja akadhani mwenzake ndiye ameshika.

Na habari kubwa ni hii, mpelekee Baba. Katika karakana yao siku ndege mpya inaporuka mara ya kwanza, kila aliyebuni kifaa husimama kando ya njia ya kurukia mpaka irudi. Hatumwi mwakilishi, ni mwenyewe. Bwana Kuramochi ameniandikia nafasi yangu, kiangazi kijacho. Nimemwambia nitakuja, bila shaka yoyote. Mwambie Baba mwanawe anakwenda Japani.

Heri ya Krismasi nyote.

Otieno


Missouri City
25 Januari 1998

Otieno,

Mwaka mpya mwema. Huku mvua na ukungu. Mawingu yamekaa chini wiki nzima, Jumamosi mbili zimeharibika, na upepo unavuma kutoka kusini kwa kukatakata. Samahani, nimezoea kuandika hali ya hewa. Wakesho amepata alama nzuri ya hesabu na anajifanya hajali.

Keti kwanza. Baba amejibu.

Alisoma barua yako kanisani, ndugu yangu. Siyo kwa watu wawili watatu. Alisimama wakati wa matangazo. Kisha akafikiri kama karani wa posta anavyofikiri. Akachukua ile ramani yake ya dunia, akapima kwa kamba, akaona kwamba mtu anayetoka Japani kurudi Texas anaweza kuzungukia upande wa pili, akapitia Nairobi. Anasema njia hiyo hairefuki sana, na ikirefuka, inarefuka kwa faida. Chumba chako amekipaka rangi. Ameng'oa dirisha akaweka jipya. Mama amekwishawaambia dada zake wote wa Wundanyi, nao unawajua, watashuka mlimani na ndizi.

Yote haya ni kwa sababu uliandika "bila shaka yoyote", nami nikapiga kopi.

Mimi nimefurahi sana, nakuambia wazi, maana wazee wanazeeka na mimi nimechoka kwenda peke yangu kila mara na kuwaeleza kwamba hujambo. Niandikie tarehe ili Baba aache kupima ramani.

Theodora


Fort Worth
29 Machi 1998

Dada,

Salamu. Nimechelewa, kazi imekuwa nyingi. Mbwa wa jirani ameacha kubweka, nadhani amenizoea.

Ndege inakwenda vizuri. Injini imefungwa na imewashwa ardhini. Ina nguvu kuliko hesabu za kwanza zilivyosema, kwa hiyo wameongeza ukubwa wa mkia, nami nikabadilisha springi za pedali ili mguu wa mwanafunzi usichoke. Zimekanyagwa na mashine mfululizo zaidi ya umri wa ndege yenyewe na hazikulegea. Hakuna pedali bora kuliko hizi mahali popote, na hilo nalisema bila aibu.

Kuhusu safari, bado. Nina shida kidogo ya sikio. Huenda Hollis akaenda badala yangu, yeye anapenda kusafiri. Na ningeomba usiwe unamtumia Baba kila kitu ninachokuandikia. Mtu ana haki ya kumwandikia dada yake bila kusomwa madhabahuni.

Msalimu Wakesho.

Otieno


Missouri City
11 Aprili 1998

Otieno,

Hatujambo, kesho ni Pasaka, Wakesho anapika pilau na nyumba ina moshi. Barua hii sitaipiga kopi. Nimeiandika kwenye karatasi ya njano ili hata mashine ikatae.

Sikio lako ni zima. Mimi ni muuguzi, na mwenye sikio bovu hutaja ni lipi kabla hajaulizwa. Wewe hukusema hata ni la kulia au la kushoto.

Unaogopa ndege.

Nimelijua siku nyingi nikalinyamazia, kwa sababu ulitaka linyamaziwe. Ulipokuja Houston ukiwa na mafua na homa, uliendesha gari. Otieno, uliendesha gari mpaka Minnesota kwenye harusi ya binamu yetu, ukasema ulitaka kuona Iowa. Hakuna mtu anayetaka kuona Iowa. Ni mahindi, na mahindi tuliyaona. Na umekaa miaka hii yote hujavuka bahari, wewe ambaye unalia ukisikia sauti ya Mama kwenye kaseti. Si aibu. Lakini sasa imekuwa kubwa. Kuna watu Japani wamekuwekea nafasi ya kusimama na kuna watu Voi wamekuwekea dirisha, na nafasi hizo Hollis hawezi kukusimamia.

Nami nikuambie langu, maana nimekudai lako.

Jumamosi huwa niko Arcola, kile kiwanja kidogo cha ndege karibu na kwangu. Najifunza urubani. Nilianza Agosti. Mwalimu wangu ni mama mmoja wa Texas, Bi. Lorene, mwenye sauti ya kukwaruza na kiuno kibovu, na ndiyo, huweka mikono mapajani. Ulipoandika habari ile ya Bwana Kuramochi nilicheka peke yangu wodini mpaka Mado akanipima presha.

Sikukuficha kwa ubaya. Unakumbuka zile ndege ndogo za mbugani zilizokuwa zinatua Voi? Wewe ulikuwa unakimbilia kuzitazama magurudumu. Mimi nilikuwa nataka kiti. Nikaambiwa uuguzi ni kazi nzuri, na kweli ni nzuri, nimeifanya na sijutii. Lakini nimefika umri ambao hakuna wa kuniambia nishuke, nikapanda. Niliogopa tu kukuambia halafu nishindwe.

Sikushindwa. Mwezi uliopita Bi. Lorene alishuka katikati ya kiwanja, akafunga mlango, akaniambia nizunguke mwenyewe. Nilizunguka, nikatua, visigino vikiwa sakafuni.

Nijibu ukweli au usinijibu.

Theodora


Fort Worth
17 Mei 1998

Dada,

Nilikasirika kwanza. Nilikasirika wiki mbili, nikaandika barua tatu, nikazichana. Ya nne nilipofika kwenye Iowa nikacheka, na hasira ikaniishia mkononi.

Ni kweli. Ile safari ya kuja, juu ya bahari, ndege ilianguka. Haikuanguka sana, wenyewe walisema ni hewa tu, lakini sinia za chakula zilipiga dari na mama mmoja nisiyemjua alinishika mkono mpaka New York. Nilishuka nikajiambia sipandi tena. Watu hudhani anayejua ndege ilivyoundwa haiogopi. Hesabu zake mimi nazijua na naziamini. Tatizo ni tumbo, halikwenda chuo kikuu pamoja nami. Nikiwa karakanani ni simba; nikifika lango la kiwanja cha Dallas kumpokea mtu, viganja vinalowa.

Na wewe unaruka. Sijui niseme nini. Nimewaambia wote kazini, hata mlinzi. Nilipomwambia Hollis, akasema, "Well, that explains the heels." Nimejivuna kuliko siku niliyopewa mchoro.

Bwana Kuramochi amenitumia tena mpango wa siku ile. Hajauliza kama nitakuja. Ameuliza tu kama nitahitaji kofia ya jua, saizi gani. Ningependa kusimama pale, Dada. Nataka kuona mguu wa mtu ukikanyaga kile kitu huku magurudumu yakiwa hayagusi chini. Na nataka kulala chumba kile chenye dirisha. Ninavitaka vyote viwili na siwezi kufika kwenye ngazi.

Ukweli ndio huo.

Otieno


Missouri City
7 Juni 1998

Otieno,

Asante. Wakesho anakusalimu kwa Kiswahili kamili, nimesimama juu yake akisema.

Jumatano nimefanya mtihani wa mwisho na nimefaulu. Mkaguzi alikuwa mzee mkavu asiyetabasamu, akaandika leseni, akasema ninatua vizuri kuliko mwanawe. Sasa ninaruhusiwa kubeba mtu.

Jumamosi ya tarehe 20 nitakuja Fort Worth, asubuhi, kabla hewa haijachemka. Nitatua kile kiwanja kidogo kilicho karibu na karakana yenu. Kazi yako ni moja, kufika. Sitakuvuta, sitakuombea kwa sauti, na sitakupigia simu, maana utadhani kuna msiba. Nitangoja chini ya bawa na chai kwenye chupa. Ikifika adhuhuri hujatokea, nitakunywa chai yangu nirudi nyumbani, na nitaendelea kukupenda na kukucheka kama kawaida.

Ukija, uvae viatu vya soli nyembamba.

Theodora


Fort Worth
21 Juni 1998

Dada,

Naandika kila kitu ili Baba naye apate, ingawa wewe ulikuwepo. Hii mkopie. Hata ile ya njano mkopie, akitaka asome kanisani.

Baba, nilifika mapema nikakaa ndani ya gari, injini ikiwa inanguruma na gia ya kurudi nyuma imeshaingia. Nikaona ndege ndogo nyeupe inashuka, ikagusa chini mara moja tu, bila kuruka-ruka. Theodora akatoka, akafunga magurudumu kwa vigingi, akaketi kivulini mwa bawa, akamimina chai. Alikuwa ameniona. Hakupunga mkono. Alikunywa kikombe cha kwanza akaangalia ng'ombe upande wa pili wa uzio. Alipomimina cha pili nilizima gari, kwa sababu niliona atanimalizia chai.

Sitasema sikuogopa. Tulipoacha ardhi nilishika kiti kwa mikono yote miwili na nikamwita Mama. Theodora alikuwa anazungumza na redio kwa sauti ya mtu anayeagiza mkate. Kulikuwa na mtikisiko tulipopita juu ya ziwa, na mimi nikafumba macho. Nilipofumbua, alikuwa amenyoosha ndege sawasawa, na mikono yake ilikuwa mapajani. Yote miwili, imelala pale kama ya mtu aliyemaliza kula.

"Ndege ni yako," akasema.

"Dada, usifanye mchezo."

"Sichezi. Sema na wewe, ndiyo sheria. Mwenyewe uliniandikia."

Sasa nani alikuwa anaiendesha? Hakuna. Nikaweka mikono kwenye usukani na miguu kwenye pedali, visigino chini, nikasema ndege ni yangu. Ikavuta kidogo kushoto. Nikakanyaga kulia kidogo, ikarudi. Maisha yangu yote ya kazi nimelichora jambo hilo, na jana nililisikia kwenye unyayo. Tumbo lilinyamaza lisikilize.

Niliiendesha mpaka nikaona mnara wa maji wa mji nisioujua. Kisha nikasema ndege ni yako, nikatapika kwenye mfuko uliobebewa chupa ya chai. Binti yako hajakuambia hilo, Baba, lakini mimi nasema kila kitu siku hizi.

Bwana Kuramochi nimempelekea saizi ya kofia.

Otieno


Hewani, tunaelekea Nairobi
Julai 1998

Dada Theodora,

Natumaini wewe na Wakesho mko salama, na kwamba mbwa wa jirani yangu mmemkuta mzima mlipokwenda kumwagilia maua. Mimi ni mzima. Ukiona mwandiko unatetemeka, ni ndege, si mimi. Kwa sehemu kubwa si mimi.

Iliruka. Ilikuwa asubuhi ya mawingu mepesi, tumepangwa kwa mstari kando ya njia ya kurukia, kila mmoja na kofia yake. Kushoto kwangu alikuwa aliyebuni mlango wa kioo, kulia aliyebuni taa. Rubani wa mbele alikuwa mtu mfupi, mfupi kuliko wewe, na nilipomwona anapanda nilitaka kukimbia nikamwongezee mto. Injini ikalia, pua ikavuta upande kama tulivyojua itavuta, na nikaiona ndege inajirudisha yenyewe kwenye mstari, taratibu, bila kuyumba. Nilijua ni mguu. Wengine walikuwa wanatazama mabawa; mimi nilikuwa natazama mkia, nikakanyaga nyasi kwa mguu wa kulia bila kujijua. Bwana Kuramochi naye alikuwa anakanyaga.

Ilikaa juu muda wa kutosha watu kuanza kujikuna. Iliporudi, yule rubani alishuka akapita mbele yetu mmoja mmoja. Aliponifikia akaambiwa mimi ni wa pedali. Akainama, nami nikainama, nikagonga kofia yangu kwenye yake. Kisha akainua kiatu kimoja, akanionyesha kisigino. Nililia, Dada. Nililia waziwazi mbele ya jeshi la watu, na wa mlango wa kioo akanipa leso.

Nilimwambia Bwana Kuramochi kwamba mtu wa kwanza kukikalia kiti kile vizuri ni dada yangu. Anakuomba picha yako ukiwa Arcola, ataiweka ukutani karakanani.

Sasa chini ni giza la bahari. Barua hii nitaitia posta Voi, kwenye dirisha lile lile alilokaa Baba, kwa hiyo ataisoma kabla yako na hutahitaji kumpigia kopi. Ametuma ujumbe kwamba atakuja kunipokea Nairobi mwenyewe, na kwamba ataleta ile kamba ya ramani anionyeshe alikuwa amepima sawa.

Rubani ametangaza kwamba mbele hewa si nzuri na tufunge mikanda. Nimefunga. Kijana aliye kando yangu anasafiri mara ya kwanza, ameshika kiti kwa mikono yote miwili na ananitazama mimi. Nimemwambia atazame mapajani mwangu. Mkono wa kushoto umelala pale, umetulia. Wa kulia, kama unavyoona, una kazi.

Ndugu yako,
Otieno